Funga Yako Ilipita Siku Sita

Mama yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila ya shikamoo, na sitaanza leo kwa kuwa tu wewe umelala Moa na mimi niko Tanga, nimejifungia chumbani mchana kweupe na karatasi nilizochana kwenye daftari la mjukuu. Ungenikuta hapa, ungeuliza kwanza kama naandika upande mmoja wa karatasi au pande zote mbili. Pande zote mbili, mama. Sabuni nayo naikata vipande na kuianika juu ya kabati ikauke, isiishe upesi. Wanangu wananicheka kama tulivyokucheka wewe.

Wamekuja wote watatu kunitembelea, na nyumba imejaa. Kwa nini nimewakimbia wanangu mwenyewe nikatia komeo, nitakwambia huko mbele. Kwanza nataka tuurudie ule mwaka, mwishoni mwa miaka ya hamsini, tulipokuja kula Idd kwako. Nimeukwepa mwaka ule kwa muda mrefu. Kila ukinijia nilijitafutia kazi, nikafagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Tulifika katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kaka Abdalla alitoka Mombasa, alikokuwa akifanya kazi bandarini. Alivuka Horohoro juu ya lori la magunia, akaingia mlangoni kwako viatu mkononi na kanzu imejaa tope. Zuhura, kitinda mimba wako, alitoka hapa Tanga. Mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu huko Raskazone, na yeye alikuja na kopo la biskuti na maneno mengi kuliko biskuti zenyewe. Mimi nilitoka Ngamiani kwa mume wangu, na mgongoni nilikuwa na binti yangu Kombo wa miezi minane, somo yako, niliyempa jina lako ungali hai ili umwite mwenyewe. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Kila dereva aliyepita alisema barabara itafunga wakati wowote, na anayetaka kuondoka asikawie.

Uliposikia hivyo ulisema, "Basi Mungu awawahishe kurudi." Nilishangaa kidogo. Mama gani huombea wanawe kuondoka siku ile ile waliyofika? Zuhura akanong'ona sikioni mwangu, "Anahesabu vinywa huyo." Tukacheka.

Mama, nyumba yako ilikuwa shule, na sisi wanafunzi wabaya. Njiti ya kiberiti uliipasua kwa wembe ikatoka njiti mbili, na hata hizo hukuzitumia kama kwa jirani yako Bi Mize kulikuwa na kaa la moto la kuomba. Nazi moja uliikamua mara tatu: tui la kwanza la wageni, la pili la mboga, na la tatu, ambalo Abdalla alisema ni maji yaliyosimuliwa habari za nazi, lilikuwa lako. Machicha yalikwenda kwa kuku, vifuu motoni, makumbi kusugulia sufuria. Kanga haikufa mikononi mwako. Ilitoka mwilini ikawa mbeleko, ikatoka mgongoni ikawa tambara la kuepulia chungu, na mwisho ukaisokota ikawa utambi wa kibatari. Na kibatari kilikuwa kimoja tu. Kikitoka ukumbini kwenda jikoni, sote tulikifuata.

"Kwa Mzungu wetu kila chumba kina taa yake," Zuhura alisema.

"Na yeye kila chumba kaweka macho yake?" ulimjibu, na hukuinua uso kutoka kwenye ukili uliokuwa ukisuka.

Kisha ule mtungi. Kila ulipopika wali, mchele ukishaupima, ulichota konzi moja ukairudisha kwenye mtungi uliokaa pembeni ya kitanda chako, ukaufunika kwa kawa. Konzi ya siku mbaya, ulikuwa ukiita. Tangu utoto wetu mtungi ule ulijaa na kupungua, ukajaa tena, na miaka ya njaa tulikula humo wakati wenzetu wakichemsha majani. Ndiyo maana nasema tulikuwa wanafunzi wabaya. Shibe yetu yote ilitoka katika ubanaji ule, na tulipokua tukauona kuwa ni kichekesho. Nyuma yako tulikuita Bi Akiba.

Uniwie radhi, mama. Naona aibu hata kuliandika.

Sasa sikiliza niliyoyaona. Nayaandika yote, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

La kwanza lilikuwa ukoko. Ukoko wa wali ulikuwa haki yako, hakuna aliyethubutu kuugusa. Uliukwangua kwa upawa, ukakaa kizingitini ukautafuna, na Bi Mize alikuwa akisema kutoka kwake anajua kwa Mwanakombo wamekwisha kula, maana ameusikia ukoko. Mwaka ule, tulipofuturu wali siku ya kwanza, uliutia ukoko kwenye bakuli, ukaumwagia maji, ukaufunika. Asubuhi ulikuwa umelainika wote. Nikakuuliza.

"Meno, mwanangu. Nishazeeka mie."

Ulipokuwa ukicheka na Kombo nilikutazama kinywani. Meno yalikuwepo yote, meupe kama ya Zuhura. Nikasema moyoni, labda yanauma. Nikaliacha.

La pili ni futari. Sisi tulikula mihogo ya nazi, tukala samaki aliyeletwa na Abdalla, tukanywa chai ya sukari ya Zuhura. Wewe ulikunywa uji wa mtama, mwepesi, uliochujwa kwa kitambaa. Ulikuwa ni ule ule uji uliompikia Kombo, chungu kimoja, nusu yake na nusu yako. "Mie na somo yangu tunakula chakula kimoja," ulisema, na sote tukaona jambo hilo linapendeza mno, bibi na mjukuu wake. Kombo alimaliza wake akalia akitaka wa kwako. Ukampa. Ukalala na vijiko vitatu vya uji baada ya kutwa nzima ya funga, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyeona kuna ubaya. Abdalla alisema, "Mama hata tumbo lake analiwekea akiba." Wewe ulicheka kuliko sisi.

La tatu, kanga shingoni. Joto la kabla ya masika unalijua, mama, hata ukuta unatoka jasho. Sote tulikaa na nguo moja. Wewe ulijizungushia kanga shingoni mara mbili, ukaifutika, na hukuitoa hata ulipokuwa ukikoka moto. Na sauti yako ilikuwa imeingia ukwaruza. Ulisema ni moshi.

Nikiyaweka hivi, moja juu ya jingine, hata mtoto angejua. Lakini hayakuja hivyo. Yalikuja katikati ya vicheko na utani, na kila moja lilikuwa na jibu lake tayari: Bi Akiba anabana matumizi. Ulikuwa umebana matumizi miaka mingi mno, mama. Mwili wako ulipoanza kukataa chakula, hatukuweza kuona tofauti.

Basi Idd ikafika. Siku ile hakuna wa kufunga, ni haramu, na wewe hukuwa mtu wa kuivunja sheria. Abdalla alinunua nyama, Zuhura akapika pilau kwa bizari aliyotoka nayo mjini, na wewe hukusema neno juu ya samli iliyomwagwa humo. Hilo pia lilikuwa geni. Abdalla na wanaume wa jirani wakala barazani. Sisi wanawake tukakaa ukumbini kuzunguka sinia moja, wewe, Zuhura, Bi Mize na mimi, na Kombo mapajani mwangu.

Nilikuwa nimekaa ubavuni pako. Nikaona mkono wako unakwenda kwenye sinia, unafinyanga tonge, unapanda mdomoni. Taya likacheza. Kisha mkono ukashuka, haukurudi kwenye sinia, ukaingia chini ya kanga mapajani mwako. Ukatoka mtupu, ukaenda kufinyanga tonge jingine. Mara tatu, mara nne. Kanga ikajisogeza, nikaliona fundo la kitambaa, na ndani yake wali na vipande vya nyama.

Unajua nilifanya nini. Nilipiga kelele kwa furaha, kama mtu aliyekamata mwizi wa utani. "Jamani! Mama hata leo Idd anaficha akiba!"

Zuhura alianguka ubavu. Bi Mize alicheka hadi machozi yakamtoka, na baadaye nilikuja kujua kwamba hayakuwa ya kicheko. Wewe ulicheka nao. Ukafunga lile fundo vizuri, ukasema, "Na kesho nayo si mtataka kula?" Kisha ukanitazama. Sijui niuite nini mtazamo ule. Hukuwa na hasira. Ulikuwa ukiangalia kama nitanyamaza.

Alasiri nilikwenda uani kumwaga maji ya kumwogesha Kombo. Nikakuta kuku wako wanagombania pilau. Pilau ya nyama, mama, chini mchangani. Mwanamke aliyepasua njiti za kiberiti kwa wembe alikuwa amesimama pale na kitambaa kitupu mkononi, anawatazama kuku wakila nyama ya Idd. Sikuwahi kuogopa kitu uani kwetu, hata nyoka, na siku ile niliogopa.

"Mama?"

Hukushtuka. "Haipiti," ulisema, ukaigusa kanga shingoni. "Tonge hufika hapa likasimama. Litapita, inshallah."

"Twende Tanga. Twende hospitali, maadamu Abdalla yupo hapa hapa."

"Wapi! Wanipasue koo?" Ukalikung'uta lile tambara, ukalikunja mara nne. "Sikiliza. Kakako akijua, haendi tena Mombasa, na kazi ile ndiyo kwanza kaipata. Zuhura akijua atalia mpaka mumewe amchoke. Nawe una mtoto kifuani, ukikauka maziwa utamlisha nini? Usiwambie wenzio. Siku hizi chache tu, mpite salama kabla ya mvua."

Na mimi, binti yako mkubwa, mwenye ulimi ambao ulikuwa ukisema ungekatia kuni, nilikuwa na neno moja tu kwako.

"Haya," nikasema.

Nimejitetea sana mbele ya nafsi yangu. Nimesema nilikutii kwa kuwa wewe ni mama. Nimesema nilidhani litapita. Lakini leo sitakudanganya. Nilisema haya kwa sababu nilitaka iwe haya. Mume wangu alikuwa akinisubiri Ngamiani, Kombo alikuwa na vipele vya joto, mvua ilikuwa juu ya vichwa vyetu, na nilitaka sana kuamini kwamba mama yangu atakuwepo nikirudi, kama alivyokuwepo siku zote. Ilikuwa rahisi.

Asubuhi ya Idd Pili ukatutangazia kwamba umeanza funga ya zile siku sita. Abdalla akakuombea Mungu akutakabalie. Nani angesema vingine? Mtu akisema amefunga sita za Mfunguo Mosi, humsukumii sahani. Unaondoa chakula mbele yake kwa adabu, usimtie matamanio. Tukawa tunajificha jikoni kula, kwa heshima ya funga yako. Wewe ulikaa barazani peke yako na ukili wako, shingo imezungushwa kanga, na sisi tukikutazama kwa mbali tukasema, mama yetu mcha Mungu kweli.

Mimi nilijua. Nilikuwa nikila jikoni pamoja nao, na nilijua.

Abdalla aliondoka siku ya tatu ya Idd, akiwahi lori. Kabla hajatoka ulimpa ufunguo wa kasha la marehemu baba. Alidhani unamheshimu kuwa sasa ni mtu mzima. Siku mbili baadaye akaondoka Zuhura, nawe ukamkabidhi mbuzi yako ya kukunia nazi, ile yenye kiti kilichochakaa kwa kukaliwa. "Na wewe utakunia nini?" akauliza. Ukamwambia Bi Mize anayo, ya nini mbuzi mbili kwa nyumba zinazotazamana. Akaibeba kichwani mpaka barabarani akiona amepata. Ulikuwa ukigawa vitu, mama, wewe ambaye hukuwahi kutupa hata msumari uliopinda.

Nilibaki peke yangu kwa sababu Kombo alishikwa na homa. Siku zikaenda. Jua lilikuwa likichomoza jekundu nyuma ya mawingu na mvua hainyeshi, kuku wakashinda uvunguni mwa kitanda, na nyumba ikawa kimya kiasi cha kwamba nilikusikia ukimeza mate. Ulimeza kama mtu anayepanda ngazi. Sita zikatimia, nikapika uji mzito wa kukufungulia. Hukuunywa. Asubuhi yake ukasema umefunga.

Ya saba. Ya nane. Siku ya tisa nikashindwa.

"Mama, sita ni siku sita."

"Nalipa kadha."

"Kadha ya lini? Ramadhani umefunga yote, kila mtu anajua."

Ulikuwa umempakata Kombo, ukimpangusa jasho. Ukanijibu polepole, maana maneno nayo yalikuwa yameanza kukupa taabu. "Za kukunyonyesha wewe. Mwaka ule sikufunga, na sikupata kuzilipa. Weye unanyonyesha, si unajua? Mwanamke huzilipa anapopata nafasi."

Ningesema nini? Kwamba siku za kuninyonyesha mimi zisilipwe? Ulijua pa kunishika. Nikachukua bakuli la uji nikalirudisha jikoni, nikasimama mbele ya mafiga nikalia bila sauti, kisha nikaunywa uji ule wote mwenyewe, kwa sababu ulitufundisha chakula hakimwagwi.

Siku ya kumi na moja nikaondoka. Mvua ilianza asubuhi hiyo hiyo, matone makubwa ya mbalimbali, na dereva alikuwa akipiga honi barabarani. Ulinitoa hadi mlangoni, si zaidi, ukaegemea mwimo. Mkono wako ulikuwa mwepesi begani kwangu kama tambara. Ukafungua pindo la kanga, ukatoa kitu, ukanitia kiganjani, ukavifumba vidole vyangu juu yake.

Kiberiti. Kizima, kimejaa, njiti hazikupasuliwa hata moja.

"Si chako?" nikauliza. "Wewe utawashia nini?"

"Bi Mize ana moto."

Nilipanda lori na Kombo nimemfunika kanga, na kiberiti nimekishika kisilowe. Kama ungenipa dhahabu nisingeogopa. Kiberiti kizima kutoka kwako kilinieleza kila kitu, na bado lori likaondoka na mimi nikiwa ndani yake.

Nilisema nikifika mjini nitamwandikia Abdalla. Siku ya kwanza nikasema nipumzike. Kisha barabara ikafunga kweli, nikapata kisingizio. Kisha nikasema nitaandika nikipata habari kwamba umezidi. Njiti zile nilizipasua kwa wembe, kama ulivyotufunza, na kiberiti hakikuwa kimeisha alipofika mchuuzi wa samaki wa Moa kuniambia mama hajiwezi. Tulipofika umekwisha. Bi Mize alikuwa amekufumba macho.

Siku ya hitima watu walikuwa wengi, mama. Abdalla alikuwa na wasiwasi, maana mwezi ulikuwa mbaya na sote tulikuja mikono mitupu. Bi Mize akatushika mkono mimi na Zuhura akatuingiza chumbani kwako. Akaondoa kawa kwenye ule mtungi. Umejaa mchele mpaka mdomoni. Akavuta madebe mawili uvunguni. Yamejaa.

"Tangu mwezi wa Rajabu hakumeza punje," alisema. "Kila siku akipima fungu lake, kama anayekwenda kupika. Kisha akilirudisha. Kila siku, wanangu. Nikamwambia, nipeleke habari kwa watoto? Akanambia, 'Waache. Wao wanajua n'nafunga.'"

Zuhura akapiga yowe. Mimi sikulia pale. Nilichukua ungo nikaanza kupeta, kwa sababu watu walikuwa wakisubiri, na mchele ulikuwa safi, hauna hata mdudu mmoja, ulikuwa umeuchanganya na majivu kama ulivyozoea kuuhifadhi. Tulipika wote. Watu wakala, wakashiba, wakasema Mwanakombo katukirimu. Nami nilikula. Kila tonge lilipita.

Abdalla amekufa, Zuhura amekufa, na wote wawili wamekwenda wakiamini kwamba hakuna miongoni mwetu aliyejua. Sasa unajua kwa nini nafagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Nakuja kwenye leo. Wanangu wamekuja tangu Ijumaa. Hamisi na mkewe, Saidi na watoto, na Kombo, somo yako, ambaye sasa ni mwanamke mzima mwenye wajukuu njiani na ana macho yako hasa, yale yasiyoacha kitu kikapotea. Wanahangaika na mambo yangu. Hamisi ananizimia redio nisinung'unike umeme. Saidi amekuta vipande vya sabuni juu ya kabati, akawaita wenzake waje kutazama, wakacheka mpaka wakashikana. Nikacheka nao. Ni kizuri kicheko chao, mama. Sikutaka kukikata.

Mchana wa leo wametandika mkeka, wakaleta wali wa nazi na mchuzi wa papa. Nikakaa pembeni nikasema, "Kuleni, mimi nimefunga."

Hamisi akasema, "Mungu akutakabalie, mama," akanawa mikono.

Kombo hakunawa. "Leo Jumanne," alisema. "Jumatatu na Alhamisi zako nazijua. Leo funga gani?"

"Nalipa kadha."

"Za lini?"

Nikafungua mdomo, na yaliyotoka ni haya: "Za kukunyonyesha wewe."

Sauti haikuwa yangu, mama. Ilikuwa yako, na ule ukwaruza wake. Nikainuka bila ya kuvaa viatu, nikaja chumbani nikatia komeo, na ndipo nilipochukua karatasi hizi.

Maana ni mwezi wa pili sasa. Tonge hufika pale pale ulipopagusa wewe siku ya Idd, uani, mbele ya kuku. Mwanzo nilijiambia ni kikohozi. Kisha nikaanza kuloweka ukoko. Sikukusudia, siku moja nilikuta mikono yangu imekwisha ufunika kwa maji. Wiki iliyopita nimempa jirani vyungu viwili, na jana, jioni, nilikuwa nafikiria nimpe nani cherehani yangu. Nimejiona, mama. Nimejitazama kama nilivyokutazama wewe, na tena nikanyamaza. Naogopa. Naogopa hospitali kama ulivyoiogopa, naogopa kuwaharibia ugeni wao, na zaidi ya yote naogopa kuuona uso wa Kombo nitakapomwambia.

Lakini kuna jambo ambalo hukulijua, kwa kuwa mimi sikukupa nafasi ya kulijua. Hukujua inakuwaje kubaki. Ulidhani unatuachia mchele. Mchele uliliwa siku moja. Kilichobaki ni lile neno langu, na nimelimeza kila siku tangu siku ile, na halijapita.

Kombo yuko nje ya mlango. Yuko hapo tangu nilipoanza kuandika. Naona kivuli cha miguu yake chini ya ubao. Mwanzo aligonga, akaniita. Nikaendelea kuandika. Nikamsikia Hamisi akimwambia amwache mama apumzike, mama yetu ndivyo alivyo. Nikasubiri aseme, "Haya." Nilisubiri, mama, nimeshika kalamu, sehemu yangu moja ikiomba aseme, aende zake, nipumue.

Kombo akasema, "Siendi."

Tena akasema, karibu na tundu la komeo, taratibu kama anayesema na mtoto: "Mama, nimeuona ukoko uliouloweka. Fungua."

Basi unisamehe kwamba sikugonga mlango wako hivyo. Ulinipa kiberiti kizima nikakipasua nusu nusu, nikaogopa kuwasha. Naitoa na hii kanga niliyojizungushia shingoni. Lala salama, mama. Naiweka kalamu chini, nakwenda kufungua.

Mimi bintiyo, mama wa somo yako.